Fedha, Kalibu na Chapa: Istilahi za Sarafu Kuukuu za Kanada

Mfasiri mmoja alituletea orodha ya sarafu kuukuu za Kanada aliyotakiwa kuifasiri kwa ajili ya kabati la maonyesho. Sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo, mtu ambaye angezitambua sarafu zile kwa kufuata maelezo yake angepotea. Makala haya yanaeleza sababu.

Neno la kwanza ni fedha. Kwetu sisi fedha ni madini na pia ni mali, hivyo “sarafu ya fedha” haimwambii msomaji lolote. Kwa mkusanyaji, madini ndiyo habari yenyewe. Hadi mwaka 1919 sarafu za Kanada za senti 5, 10, 25 na 50 zilikuwa na sehemu 925 za madini hayo katika kila 1,000. Tangu 1920 zikashushwa hadi 800. Tunapendekeza “sarafu ya madini ya fedha” na “kiwango cha usafi”. Nikeli nayo ina mtego wake. Wakanada huiita senti 5 kwa jina la madini hayo, lakini senti 5 ya nikeli ilianza 1922. Ile ya 1921 ni ya madini ya fedha, nayo ni adimu kwa kuwa nyingi ziliyeyushwa kabla ya kutumika. Aandikaye “nikeli ya 1921” ametaja kitu kisichokuwapo.

Pili, mfasiri alitumia kalibu. Kalibu humiminiwa madini yaliyoyeyuka; sarafu hizi hazikumiminwa, zilipigwa. Kipande cha chuma kilichochongwa picha na maandishi hukandamizwa kwa nguvu juu ya kidonge cha madini. Chombo hicho tumekiita muhuri wa kupigia. Tofauti hii si ya mapambo, maana sarafu ya kumiminwa mara nyingi ni ya bandia, na maelezo ya namna ile huitilia shaka sarafu halali.

Muhuri ndio unaoeleza pia kisa cha 1947. Baada ya India kupata uhuru mwaka huo, maneno ya Kilatini yaliyomtaja Mfalme George wa Sita kuwa mtawala mkuu wa India hayakuwa na budi kuondolewa. (Yalikuwamo pia katika senti zetu za tundu za Afrika Mashariki.) Mihuri mipya ilichelewa kufika kutoka London, basi mwaka 1948 Ottawa iliendelea kupiga sarafu zenye tarakimu 1947, ila kando ya mwaka pakawekwa jani dogo la mti wa mepo, mti ambao jani lake limo katika bendera ya nchi hiyo. Kwa hiyo “sarafu ya mwaka 1947” haitoshi. Pana mwaka ulioandikwa na pana mwaka wa kupigwa, nasi hatuna budi kuvitenga.

Chapa ndilo neno lililotusumbua zaidi, kwani katika orodha ile lilimaanisha picha, muhuri na hata herufi. Kwa herufi tunapendekeza alama ya kiwanda. H ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kilichoanza kuipigia Kanada sarafu zenye herufi hiyo mwaka 1871. Imo pia katika baadhi ya senti 10 za Afrika Mashariki za 1936. Senti za kwanza za 1858, zilizopigwa London, hazina herufi. Kiwanda cha Ottawa kilichofunguliwa 1908 nacho hakikuweka yoyote katika sarafu za kawaida za Kanada za enzi hizo, ila kiliweka C katika pauni za dhahabu.

Upande wa kichwa, upande wa thamani na ukingo havina ugomvi.

Limebaki jambo moja. Wakusanyaji hukataza sarafu kuukuu isisuguliwe hadi ing'are, kwa sababu msuguo huondoa ngozi ya juu ya madini na kuishusha thamani. Mfasiri aliandika “isisafishwe”, lakini kuondoa vumbi nako ni kusafisha. Msomaji ajuaye neno ambalo wafua fedha wa Lamu au Unguja hulitumia kwa msuguo huo atuletee.