Simu Iijuayo Njia ya Msikitini

Aliyeweka programu ya Muslim Pro katika simu yake alitaka kujua nyakati za swala na upande wa kibla, basi. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba taarifa za mahali alipo zilipelekwa kwa X-Mode, kampuni ya Marekani iliyowauzia hata wakandarasi wa jeshi. Muslim Pro ilikata uhusiano huo.

Yupo atakayesema majina hayakuwamo. Hifadhidata ijuayo simu inalala wapi usiku na iko wapi Ijumaa mchana yahitaji jina la nini? Sura ya An-Nur, aya ya 27, yatutaka tuombe idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Idhini iliyofukiwa katika kurasa za masharti si hodi. Wazazi, izimeni ruhusa hiyo katika simu za watoto. Nyakati za swala hupatikana kwa kuchagua jina la mji tu.