Kwa Nini Imani Yetu Huanza na Muumba

Leo napenda tutazame jambo ambalo twalikiri kila Jumapili, na kwa sababu twalikiri kila Jumapili, mara nyingi hatulisikii tena.

Tunaposimama kuitamka Imani, iwe ile ya Mitume au ile ya Nikea, hatuanzi na msalaba. Hatuanzi na Roho Mtakatifu, wala na uzima wa milele. Twaanza na Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi. Ya nini kuanza huko? Si ingefaa tuanze na wokovu, kwa kuwa ndio uliotuleta kanisani?

Mama mmoja wa usharika wetu, mcha Mungu na mtu wa maombi, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja nilipomtembelea aliniambia kwamba ameacha dawa. "Pasta," akasema, "mwili huu ni ganda tu. Bwana anataka roho yangu." Wakati huo mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha kufanya kidonda. Basi ndugu msikilizaji, usidhani kwamba fundisho la uumbaji ni la wanafunzi wa chuo cha theolojia peke yao. Lilikuwa linahusu mguu wa mama yule.

Wazo lake si geni. Mnamo karne ya pili alikuwako mtu mmoja jina lake Marcion, mwenye merikebu, mzaliwa wa Sinope katika nchi ya Ponto. Alifundisha kwamba Mungu aliyeiumba dunia hii si yule Baba wa Bwana wetu Yesu. Muumba, kwake, alikuwa mungu mdogo na mkali, na kazi ya mikono yake haikufaa kitu. Kwa hiyo akalikataa Agano la Kale lote, akaikata-kata Injili ya Luka, akabakiza nyaraka kumi tu za Paulo. Akawakataza wafuasi wake waliobatizwa wasioe wala kuolewa. Mwaka 144 kanisa la Rumi likatengana naye, na fedha nyingi aliyokuwa ametoa likamrudishia. Ni mfano mzuri hata kwa wazee wetu wa kanisa, kwamba sadaka kubwa hainunui mafundisho!

Aliyemjibu vizuri zaidi ni Irenaeus, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180 hivi. Jibu lake moja hulishika hata mtoto. Alionyesha kwamba Bwana alitwaa mkate, uliotoka katika nafaka ya shamba, akasema kuwa ni mwili wake. Akatwaa na kikombe, kilichotoka katika mzabibu. Ikiwa dunia ni mali ya mungu mwingine, Yesu alitwaa vitu vya nani? Je, Mwana wa Mungu atuokoe kwa vitu vya kuazima? Tena miili yetu inayolishwa kwa chakula hicho kitakatifu, twawezaje kusema haina sehemu katika ufufuo?

Hapo ndipo tunaona sababu ya Imani kuanza ilivyoanza. Tusipomjua Muumba, wokovu hugeuka kuwa njia ya kutoroka kutoka duniani. Lakini Yohana 1:3 na Wakolosai 1:16 zasema kwamba vitu vyote viliumbwa kwa yeye huyo Mwana. Aliyekuja kutuokoa alikuja kwake mwenyewe.

Angalieni pia jinsi Paulo alivyohubiri. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, Matendo 13, alianza na habari za Israeli, maana wasikilizaji wake walikwisha kumjua Muumba. Lakini huko Listra, sura ya 14, na Athene, sura ya 17, alianza na yeye aliyefanya mbingu na nchi na kuwapa watu mvua na mavuno. Hata hapa kwetu, kabla ya wamisionari, wazee walimwita Muumba kwa jina: Ngai, Nyasaye, Mulungu. Naye Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili na kitabu cha Mwanzo.

Wengine mtaniuliza juu ya zile siku sita na mambo ambayo vijana hufundishwa shuleni. Sitaweza kuyamaliza leo. Nitasema tu kwamba Augustine wa Hippo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliwaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na dunia mbele ya watu wenye ujuzi, wasije wakaifanya Biblia ichekwe. Mwanzo 1 hasa yatuambia ni nani aliyeumba. Hata jua na mwezi, vilivyoabudiwa na mataifa, havitajwi kwa majina. Huitwa mianga tu, iliyowekwa kufanya kazi.

Basi na yule mama? Sikumhubiria habari za Marcion. Tulisoma pamoja 1 Timotheo 4, pale Paulo anapowakemea wanaokataza ndoa na vyakula, akisema kwamba kila alichoumba Mungu ni chema, kikipokelewa kwa shukrani. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hata dawa, Pasta?" Nikamwambia, hata dawa. Kesho yake binti yake akampeleka hospitali, na mguu ule ungali ukitibiwa.

Kabla hatujakutana tena juma lijalo, someni nyumbani Zaburi ya 104 yote, polepole, na baada yake Warumi 8:18-25. Ukiwa na mtoto ajuaye kusoma, mpe yeye asome kwa sauti.