Senti 70 kwa Mwezi, Siku 31 za Hospitali

Hospitali ya Taborian ilifunguliwa mwaka 1942 katika mji wa Mound Bayou, Mississippi, ikiwa na vitanda 42. Mkuu wa upasuaji alikuwa Dakt. T.R.M. Howard, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Kentucky mwaka 1908. Ujenzi ulizidi dola 100,000, sawa na dola 2,300 na ushei kwa kila kitanda. Fedha hizo zilichangwa na Weusi wa Mississippi, wengi wao wakilima pamba katika mashamba ya watu.

Aliyewakusanya ni Perry Smith, kiongozi wa Knights and Daughters of Tabor jimboni humo. Kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, kilichoanzishwa mwaka 1872. Smith aliona kwamba watu wanaoweza kuchangia jeneza wanaweza pia kuchangia matibabu.

Ada ya mtu mzima ilikuwa dola 8.40 kwa mwaka, yaani senti 70 kwa mwezi. Mtoto alilipiwa dola 1.20. Mwanachama akiugua, alikuwa na haki ya kulazwa siku 31 na kupasuliwa, iwe operesheni kubwa au ndogo. Na aliingia kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hospitali za Wazungu hazikumruhusu.

Iliwezekanaje? Vitanda 42 vikijaa mwaka mzima hutoa siku 15,330. Zinawatosha wagonjwa 494 tu, kila mmoja akimaliza siku zake 31. Wanachama walikaribia 50,000. Kwa hiyo mpango ulisimama juu ya wazima wanaolipa bila kulazwa, na idadi yao ndiyo iliyokuwa mtaji. Hata nusu yao wangejitoa, chumba cha upasuaji, eksirei na maabara vingedai gharama zilezile.

Ndiyo maana naona mgawanyiko uliofuata uliumiza. Howard alikosana na Smith, na mwaka 1948 kliniki yake ya Friendship ikafunguliwa mjini humohumo chini ya chama kingine. Mgonjwa alipata pa kuchagua, lakini wachangiaji walewale walikuwa wanagawanywa. Afueni ya Taborian ilitoka Chuo cha Meharry, Nashville, kilicholeta madaktari waliokuwa wakisomea upasuaji.

Hesabu ilivunjwa na mambo ya nje. Mashine za kuvunia pamba ziliondoa vibarua, vijana wakahamia Chicago na Detroit, na waliobaki walikuwa wazee, wanaougua mara nyingi. Howard mwenyewe alisaidia kutafuta mashahidi wa mauaji ya kijana Emmett Till mwaka 1955; akatishiwa maisha, akahamia Chicago.

Mwaka 1967 Taborian na Friendship ziliunganishwa kwa fedha za serikali kuu. Ada zikaisha, na pamoja nazo sauti ya wanachama katika uendeshaji. Milango ilifungwa mwaka 1983.