Zohali Katika Jadi: Nyota Inasema Nini, na Inaishia Wapi

Runzewe ni mji wa barabarani. Uko wilayani Bukombe, mkoani Geita, kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Nyakanazi, na malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Kabla mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, Bukombe ilikuwa Shinyanga. Wenyeji ni wakulima, wafugaji na wafanyabiashara, na pamoja nao wamo wachimbaji wadogo ambao wakisikia kuna rashi (mkurupuko wa dhahabu) mahali fulani, kesho yake wamehama. Katika uchimbaji, juhudi peke yake haielezi matokeo. Maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji, yamepakana, yamechimbwa kwa jasho lile lile. Moja linatoa mawe yenye dhahabu, jingine linatoa kifusi. Hapo katikati ya jasho na mavuno ndipo maneno ya nyota yanapopata nafasi: nyota yako imefunikwa, nyota yako kali, Zohali imekukalia.

Nyuma ya maneno hayo kuna fani, nayo ni unajimu, ambao wengi kwetu huuita falaki. Ina kanuni, istilahi na vitabu vyake. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliifanya izungumzwe hata na watu wasiowahi kufungua kitabu chake kimoja. Lakini msikilizaji wa kawaida hupewa jibu tu, bila hesabu iliyolizaa. Tuifuate hesabu hiyo hatua kwa hatua: sayari kuwa katika buruji fulani humaanisha nini kwa mnajimu, tafsiri hujengwaje, na kwa kanuni hizo hizo inapaswa kukomea wapi.

Sayari na buruji

Ukilitazama Jua kutoka duniani, katika mwaka mmoja hupita njia ile ile mbele ya nyota. Watu wa Babeli waliigawa njia hiyo katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30. Wagiriki wakaipokea hesabu, na Ptolemy wa Alexandria akaiandikia kitabu katika karne ya 2. Waandishi wa Kiarabu wakaiendeleza, akiwemo Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886 na ambaye jina lake bado hutajwa na walimu wa pwani yetu. Vipande hivyo ndivyo buruji: Hamal (Kondoo, ingawa magazeti mengi huandika Punda), Thauri (Ng'ombe), Jauza (Mapacha), Saratani (Kaa), Asadi (Simba), Sumbula (Mashuke), Mizani, Akrabu (Nge), Kausi (Mshale), Jadi (Mbuzi), Dalu (Ndoo) na Hut (Samaki).

Sayari za falaki ya kale ni saba, Jua na Mwezi zikihesabiwa humo. Kila moja imepewa siku yake, madini yake na mambo inayoyasimamia. Jua lina Jumapili, dhahabu, heshima na mamlaka. Mwezi una Jumatatu, fedha, mama na hisia. Mirihi ina Jumanne, chuma, ukali na vita. Utaridi ina Jumatano, zebaki, akili, maneno na biashara. Mushtara ina Alhamisi, riziki na hukumu. Zuhura ina Ijumaa, mapenzi na maelewano. Zohali ina Jumamosi, mipaka, uzee, mzigo na ucheleweshaji. Kwa hesabu hiyo, pale mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, zebaki inapokamata chembe za dhahabu, mnajimu wa kale angesema Utaridi imekutana na Jua. Hata hivyo, kujua kwamba dhahabu ni ya Jua hakumwonyeshi mtu achimbe wapi.

Tafsiri ya sayari katika buruji hujengwa kama sentensi fupi: sayari ni kitenzi, buruji ni kielezi. Sayari hutaja jambo, buruji hueleza namna jambo hilo linavyotendeka. Namna hiyo mnajimu huipata kwa kuuliza maswali matatu. Buruji ni ya asili gani kati ya moto, udongo, upepo na maji? Ni ya kuanzisha, ya kuthibitisha, au ya kugeukageuka? Na mwenyewe ni sayari ipi?

Mfano: Jumamosi ya uhuru

Tuchukue tarehe ambayo kila Mtanzania anaijua, 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika. Siku hiyo Zohali ilikuwa katika Jadi. Jadi ni ya udongo, ni ya kuanzisha, na mwenyewe ni Zohali. Mnajimu ataunganisha hivi: mzigo na mipaka (Zohali) vitashughulikiwa kwa njia ya kivitendo na ya polepole (udongo), kwa kujenga jambo jipya (kuanzisha), na kwa nguvu kamili kwa sababu sayari iko kwake. Akilisomea taifa, atasema litapenda utaratibu, litavumilia uhaba, litajenga taasisi kwanza na kutajirika baadaye.

Msomaji anayekumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 na siasa ya kujitegemea atajikuta anakubali kwa kichwa. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Zohali hukaa katika buruji moja karibu miaka miwili na nusu, na wakati mwingine zaidi. Safari ile iliingia Jadi Januari 1959 na kutoka Januari 1962. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na zote zilizaliwa Zohali ikiwa katika Jadi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kabla wiki mbili hazijaisha jeshi lilikuwa limeasi na Katanga imejitenga. Somalia ilizaliwa siku moja baada ya Kongo. Nigeria ilifuata Oktoba. Buruji ya Zohali ni ile ile, historia ni nne tofauti.

Mnajimu mzuri hatababaishwa na hoja hii. Atajibu kwamba hakuna anayesoma sayari moja peke yake: angalia Mwezi, angalia buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki, angalia sayari zinavyotazamana. Kwa mujibu wa fani yake amejibu sawasawa. Lakini jibu hilo lina gharama. Linakubali kwamba kauli yoyote iliyosimama juu ya sayari moja katika buruji moja haijafika kuwa hukumu.

Cheo cha sayari

Hatua inayofuata ni kupima nguvu. Sayari inaweza kuwa nyumbani kwake. Au katika sharafu, pale inapotukuzwa kama mgeni wa heshima. Au katika wabali, upande unaoikabili nyumba yake. Au katika hubuti, mahali pa kushushwa. Jadi inatosha kuonyesha zote nne. Zohali iko nyumbani. Mirihi iko katika sharafu, kwa kuwa ukali wake hupata nidhamu. Mwezi uko katika wabali, kwa kuwa nyumba yake ni Saratani, iliyo mkabala. Mushtara iko katika hubuti, kwa kuwa ukarimu wake hubanwa.

Mushtara hiyo hiyo ikifika Saratani huwa katika sharafu. Iliingia humo Juni 2025 kwa kipindi cha kama mwaka mzima, na mtazamia yeyote angeweza kumwambia mchimbaji kwamba riziki imetukuzwa angani. Ni kweli kwa kanuni. Ila ilitukuzwa juu ya kila duara kwa pamoja, lililotoa na lisilotoa.

Basi kila anayeambiwa habari za nyota aulize kwanza: sayari hii inatembea kwa mwendo gani? Mwezi huhama buruji kila baada ya siku mbili na zaidi kidogo. Jua huchukua mwezi mmoja. Mushtara mwaka mmoja. Neptune, iliyogunduliwa mwaka 1846 na kuongezwa na wanajimu wa kisasa, huchukua kama miaka 14. Kadiri sayari inavyokwenda polepole, ndivyo habari yake inavyokuwa ya darasa zima kuliko ya mtu mmoja. Hata buruji moja ya Jua ina watu wengi. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Geita na watu karibu milioni 3. Ukiwagawa kwa 12, kila buruji ina takriban watu 250,000 mkoani humo.

Kulwa na Doto wanalifunga suala hili vizuri zaidi. Wamezaliwa na mama mmoja, usiku mmoja, wakipishana dakika chache. Buruji inayochomoza huenda ikabadilika kati yao, kwa kuwa anga huzunguka na buruji mpya huanza kuchomoza kila baada ya saa mbili hivi. Lakini Jua, Mirihi, Mushtara na Zohali zitabaki katika buruji zile zile. Kila mtu katika Usukuma na Usumbwa anawajua mapacha ambao mmoja ni mpole na mwenzake ni mkorofi.

Buruji ipi, kwa hesabu ya nani?

Kuna swali lililotangulia hata tafsiri. Wanajimu wa Magharibi na wa Kiarabu huanza kuhesabu Hamal pale Jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, karibu tarehe 20 Machi. Wale wa Kihindi hufuata nyota zenyewe. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha uzi mmoja kila miaka 72 hivi, na tangu hesabu mbili zilipolingana zimepishana karibu nyuzi 24. Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamezitumia kujua majira, zimo katika kundi la Ng'ombe. Kwa hesabu ya kuanzia Machi tayari zimefika mpakani mwa Jauza. Na Jua la 9 Desemba 1961 liko Kausi kwa hesabu ya kwanza, Akrabu kwa ya pili.

Kwetu kuna hesabu ya tatu, ya majina. Jina la mtu na la mama yake huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi hupewa thamani yake ya abjadi, jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota. Ali ni 110, Fatuma ni 135. Jumla ni 245. Ukigawa kwa 12 inabaki 5, na buruji ya tano ni Asadi. Ali huyo anaweza kuwa amezaliwa Februari, na gazeti likamwita Ndoo. Sasa fikiria Masanja, jina lisilo na tahajia moja ya Kiarabu. Mwandishi mmoja ataweka alifu baada ya mimu, mwingine hataiweka. Alifu ni 1, na hiyo 1 inatosha kumhamishia Masanja buruji ya jirani.

Hata maana za buruji zina kwao. Ptolemy aliishi kaskazini mwa ikweta, ambako Hamal huja na majira ya kuchipua na Jadi huja na baridi kali. Ukavu na ubaridi wa Zohali katika Jadi umechukuliwa humo. Bukombe iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Jua likiwa Jadi, mwishoni mwa Desemba na Januari, huku ni msimu wa mvua na kilimo: mahindi yako shambani na maduara yanajaa maji.

Wapo waliojaribu kupima fani yenyewe. Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu waliokubalika na wenzao walipewa chati ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mwenye chati, wachague lililo lake. Walipatia mara moja katika tatu, sawa na anayebahatisha. Mahali pa sayari ni jambo la kweli na hukokotolewa kwa usahihi mkubwa. Maana iliyobandikwa juu yake ndiyo iliyokosa ushahidi.

Pale falaki inapokoma

Mtu anaweza kuyajua yote haya na bado akafurahia kusoma nyota yake, na hamdhuru mtu. Hatari ya ukanda wetu iko kwingine. Mteja aliyeambiwa Zohali imemkalia hatosheki; anataka kujua nani ameileta. Mpiga ramli akimtajia jirani, mke mwenza au bibi kizee mwenye macho mekundu, tumeingia katika ramli chonganishi, ambayo Shinyanga, Geita na Mwanza zimeilipia kwa damu. Vikongwe wameuawa, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ahadi za utajiri, dhahabu ikiwemo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji hayo. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Rudi kwenye kanuni uone kilichofanyika. Sayari hutaja jambo, buruji hutaja namna. Hakuna hatua yoyote, katika kitabu cha Ptolemy au cha Abu Ma'shar, ambapo Zohali katika Jadi inazaa jina la jirani, wala kiungo cha mwili wa mtu kinachofungua mwamba. Anayetoa jina amelitoa kichwani mwake, au katika uvumi aliousikia mtaani kabla mteja hajafika, kisha akaliweka mdomoni mwa sayari ambayo siku hiyo iko mahali pale pale kwa watu wote duniani.

Kwa hiyo ukienda kutazamiwa, una haki ya kudai hesabu: sayari ipi, buruji ipi, kwa kalenda au kwa abjadi, na ni wangapi wengine wanaoipata pamoja nami. Mwenye fani ataeleza, hata kama hatakushawishi. Anayeruka maswali hayo na kukutajia mtu hakupi elimu ya nyota. Anakupa kesi, na pa kuipeleka ni kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, kabla jina hilo halijafika kwa wenye mapanga.