Mkonga hauongezewi nguvu kwa bisibisi, utachemsha

APRILI 1, 2009 Argentina ya kocha Diego Maradona ilipanda La Paz, Bolivia, ikiwa na Lionel Messi, ikapigwa 6-1. Messi hakuwa amesahau mpira. Uwanja wa Hernando Siles uko takribani mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mapafu yakikosa hewa, kipaji kinabaki mfukoni.

Shabiki wa soka anaielewa hadithi hiyo haraka sana. Lakini mpe Land Cruiser ya zamani, ile tunayoiita Mkonga, imjaze abiria na mizigo, halafu ianze kukohoa mlimani huku mabasi yanampita. Hapo anasahau habari ya hewa. Anakwenda gereji na kumwambia fundi: "Mzee, niongezee mafuta."

Fundi anachukua bisibisi na spana, anazungusha skrubu ya pampu, na gari linatoka pale likiwa na nguvu kweli. Linatoa moshi mweusi kama treni ya zamani, lakini linavuta. Jamaa anashangilia kama timu yake imefunga dakika ya 90.

Tatizo ni kwamba mechi haijaisha. Wengi wa hawa ndio unakuja kuwakuta miezi kadhaa baadaye wakivutwa kwa kamba, silinda hedi imepasuka au pistoni imeyeyuka, na mkwanja wa kununua injini nyingine haupo.

FARASI 130 WANABAKI 100

Tuichukue injini ambayo kila fundi wa Afrika Mashariki anaijua, 1HZ ya Toyota. Ilianza kutoka mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake ni sentimita za ujazo 4,164, na haina turbo. Inatoa nguvu za farasi 130 hivi. Si nyingi kwa injini kubwa namna hiyo, lakini ndiyo sababu inadumu. Haisukumwi.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, kama mchezaji anavyohema. Ukipanda kila mita 1,000, inapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200. Maana yake wale farasi 130 wa Dar es Salaam wakifika pale wanabaki kama 100, na gari ni lile lile, limebeba watalii na mabegi yao.

Sasa angalia kinachofanyika kwenye pampu. Pampu ya kawaida ya zamani haijui kama uko Dar au uko juu ya mlima, isipokuwa ile yenye kifaa cha kupunguza mafuta kwenye miinuko. Inapeleka mafuta yale yale wakati hewa imepungua. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hayaungui yote, yanatoka nje kama moshi mweusi. Ukizungusha skrubu kuongeza mafuta zaidi, unamwongezea ugali mtu ambaye tatizo lake ni pumzi.

DAKAR WANABANA HEWA

Kama huamini kwamba nguvu ni hewa, nenda kwenye mashindano ya Dakar. Mwaka 2009, yalipofanyika Argentina na Chile, Giniel de Villiers wa Afrika Kusini alishinda upande wa magari akiwa na Volkswagen Touareg. Lilikuwa gari la kwanza la dizeli kubeba taji hilo. Volkswagen wakarudia 2010 na 2011.

Injini ya Touareg hiyo ilikuwa ya lita 2.5 tu, ndogo kuliko ya Mkonga kwa mbali. Tofauti ni kwamba ilikuwa na turbo. Na wasimamizi wa mchezo walipotaka magari ya dizeli yasiwe na nguvu kupita kiasi, waliyawekea kizuizi chenye tundu dogo pale hewa inapoingilia. Ukibana hewa, umembana dereva. Mafuta mengi hayamsaidii tena.

Hata Land Rover Defender za miaka ya 1990 zilizotembea na injini ya 300Tdi zinasema jambo hilo hilo. Ile ni injini ya lita 2.5 yenye turbo na intakula, na inatoa farasi 111. Iweke pembeni ya 1HZ ya lita 4.2 na farasi wake 130, uone tofauti ilivyo ndogo ukilinganisha na tofauti ya miili yao.

TOYOTA WENYEWE WALIFANYAJE?

Hapa ndipo mtu anaruka na kusema, basi nafunga turbo, kazi imekwisha. Subiri kwanza.

Toyota walitoa ndugu wa 1HZ anayeitwa 1HD-T. Ukubwa ni ule ule, sentimita za ujazo 4,164, lakini ana turbo, na nguvu zikapanda hadi farasi 165 hivi. Swali la kujiuliza ni hili: waliishia kufunga turbo tu? Hapana. Kwenye 1HZ mafuta yanapigwa ndani ya chemba ndogo iliyoko kwenye silinda hedi. Kwenye 1HD-T yanapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Pistoni zikabadilishwa. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ambao kwenye 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, ukashushwa hadi chini ya 19 kwa 1.

Kwa nini waushushe? Kwa sababu turbo inaleta hewa ambayo tayari imekandamizwa. Ukiikandamiza tena mara 22, presha na joto vinapanda kupita kiwango ambacho injini ilitengenezwa kukivumilia. Ndiyo maana mafundi makini wanaofunga turbo kwenye 1HZ hawana tamaa. Wanaiweka presha ya turbo psi 7 hadi 10 na kuishia hapo. Anayekuahidi psi 20 kwenye 1HZ ambayo haijaguswa ndani, muage kwa heshima uondoke.

JOTO NDIYO KADI NYEKUNDU

Kwenye injini ya petroli, fundi anaogopa mafuta yakiwa kidogo kuliko hewa, maana joto linapanda. Kwenye dizeli mambo yamegeuka. Mafuta yakizidi hewa ndipo joto linapopanda. Kwa hiyo ule moshi mweusi ambao vijana wanaupiga picha na kuushangilia ni taarifa kwamba ndani kunaungua.

Aluminiamu, ambayo ndiyo inayotengeneza pistoni, inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi za Selsiasi. Hewa inayotoka ndani ya silinda ya dizeli iliyosukumwa inaweza kufika na kuvuka hapo. Pistoni inaokolewa na hewa mpya inayoingia kila mzunguko pamoja na oili inayoipoza kwa chini. Ukipanda mlima mrefu umekanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika kumi, nafasi hiyo ya kupoa inakuwa ndogo. Sehemu ya kwanza kusalimu amri ni silinda hedi, hasa maeneo ya zile chemba ndogo na katikati ya valvu. Ikiendelea, pistoni inafuata.

Geji ya maji kwenye dashibodi haitakwambia lolote mapema. Ile inapima maji, na maji yanachelewa kupata habari. Kinachotakiwa ni geji ya joto la moshi, ambayo kipimo chake kinachomekwa kwenye manifodi kabla ya turbo. Mafundi wengi hawapendi kuona namba ikikaa juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu. Dereva akiiona inapanda, anaachia mafuta kidogo au anashusha gia ili injini izunguke haraka na kupata hewa. Sekunde chache tu namba inarudi.

Bila geji hiyo, unacheza bila refa. Utajua umefanya faulo siku umeshatolewa nje.

KIKOSI KINAVYOPANGWA

Kazi hii ina mpangilio, na ukiugeuza unaharibu.

Kwanza, pima afya ya injini. Mgandamizo wa silinda zote sita ulingane. Nozeli zipelekwe kwenye mashine zikapimwe, pampu nayo ikaguliwe. Mkanda wa taiming wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama huna uhakika ulibadilishwa lini, badilisha. Rejeta isafishwe na feni ikaguliwe. Mara nyingi mtu akimaliza hatua hii anagundua gari lake halikuwa na upungufu wa turbo, lilikuwa gonjwa tu. Nozeli mpya na kichujio kisafi cha hewa vinarudisha farasi ambao alidhani hawakuwepo.

Pili, fungua njia ya kutolea moshi. Bomba la eksozi lililo jembamba na lililojaa kona linazuia injini kupumua. Ukifunga turbo, bomba la inchi 2.5 hadi 3 linashusha joto na kuisaidia turbo kuamka mapema.

Tatu ndiyo turbo yenyewe, kwa presha ndogo. Kumbuka turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inategemea oili ile ile ya injini. Mwaga oili kila kilomita 5,000. Na ukifika safari kutoka mlimani, usizime gari fasta. Liache lingurume dakika moja au mbili, turbo ipoe.

Nne, intakula. Hewa ikikandamizwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Intakula inaipoza kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo unapata hewa nyingi zaidi na joto dogo zaidi.

Tano, sasa ndiyo bisibisi inaruhusiwa kuingia uwanjani. Skrubu ya mafuta inazungushwa robo mzunguko au chini ya hapo, halafu gari linapelekwa mlimani likiwa na mzigo, geji inasomwa, kisha mnarudi. Ukungu mwembamba wa moshi unapokanyaga ghafla si kesi. Wingu jeusi linaloendelea ni kesi.

Mwisho, usisahau walinzi. Klachi iliyozoea farasi 130 itaanza kuteleza ukiiongezea kazi. Na breki ni zile zile. Gari linalopanda haraka zaidi, lazima liweze pia kushuka na kusimama.

KINACHOHESABIKA NI KUMALIZA

Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangisha fedha za uzio wa kuhifadhi msitu wa Aberdare. Magari yanapita porini, kwenye mawe na makorongo, yakitafuta vituo 13 ndani ya muda usiozidi saa 10. Mshindi si mwenye spidi. Ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine.

Kwenye mchezo wa namna hiyo, gari linalotambaa kwenye mawe kwa gia ndogo linapata upepo mdogo sana wa kupoza rejeta, huku jua linawaka. Injini iliyoongezewa mafuta kibabe haitafika kituo cha saba. Kule unahitaji nguvu inayoanza chini, mizunguko ikiwa bado midogo, na joto linalotawaliwa mpaka jioni.

Mahitaji ya mwenye Mkonga wa kazi hayatofautiani na hayo. Gari la kubeba wagonjwa kijijini, la watalii, la mbao, au lile la kuwapeleka mashabiki Mbeya kupitia mlima Kitonga kwenda Uwanja wa Sokoine, yote yanatakiwa kufika na kurudi. Likizimika njiani mechi inachezwa bila nyie, na hilo ndilo dogo. Akiwa mgonjwa ndani, habari ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo siku utakapompelekea fundi gari lako akanyanyua bisibisi kabla hajauliza habari ya nozeli, rejeta wala geji ya joto, mwambie airudishe kwenye boksi. Mpime yeye kwanza. Fundi wa kweli ataanza na kichujio cha hewa.