Je, Wajua? Kabla ya Kisu Kugusa Kifafa

Je, wajua kwamba Kanisa la Kilutheri la Usambara lina undugu na kijiji cha wagonjwa wa kifafa? Mwaka 1867, huko Bielefeld, Ujerumani, ilifunguliwa nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa ambao hawakuwa na pa kwenda. Ndiyo Bethel. Mwaka 1872 alikabidhiwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, na ni kupitia kwake walikuja Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, wamisionari walioanza kazi Mlalo mwaka 1891. Baada ya Mlalo zikaja Vuga, Bumbuli na nyinginezo. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Ipo hadi leo chini ya KKKT, na wagonjwa wake hulima na kufanya kazi za mikono.

Bethel nayo siku hizi ni moja ya vituo vikubwa vya upasuaji wa kifafa Ujerumani. Chimbuko ni moja. Kule mgonjwa hupasuliwa akapona, huku mgonjwa wa Mtae, wilayani Lushoto, anaulizia kama vidonge vimefika zahanati. Pengo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nikusanye haya.

Naam, kifafa hupasuliwa. Wengi husikia habari hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, tayari wameshazunguka kwa waganga wa kila aina. Si kila kifafa, lakini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo kwa dawa. Upasuaji ni wa baadhi ya wale waliobaki: ambao wamejaribu dawa mbili zinazofaa, kwa dozi sahihi, bila kukatiza, na bado wanaanguka, huku chanzo kikiwa ni sehemu moja ya ubongo inayoweza kuondolewa bila kumharibu mtu.

Na je, wajua kwamba upasuaji huu ulianza wakati hapakuwa na kipimo chochote cha kuona ndani ya kichwa? Tarehe 25 Mei 1886, jijini London, Victor Horsley alimpasua kijana wa miaka 22 aliyevunjika fuvu utotoni baada ya kugongwa na gari la farasi. Katika siku 13 za mwanzo hospitalini kijana huyo alihesabiwa mishtuko 2,870. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Ingekuja mwaka 1895. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ilitangazwa na Hans Berger mwaka 1929. Horsley alijuaje pa kufungua? Alifuata kovu la zamani, na alifuata mafundisho ya John Hughlings Jackson, aliyesisitiza kwamba kiungo kinachoanza kutikisika kinaonyesha mahali moto unapowakia ubongoni. Kwa maneno mengine, kipimo kikuu kilikuwa jicho la mtu aliyekaa kitandani pa mgonjwa akaangalia kwa makini.

Jambo hilo linatuhusu sana sisi tusio na mashine.

Aina ya kifafa inayotii kisu kuliko nyingine hutoka katika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Mara nyingi ndani yake kuna kovu kwenye kijisehemu kiitwacho hipokampasi, na baadhi ya wenye kovu hilo waliwahi kupata degedege la muda mrefu wakiwa wadogo. Mishtuko yake haifanani na ile ya kuanguka na kutoa povu. Mtu anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kifuani, au ananusa harufu ambayo wengine hawaisikii. Kisha macho yanakodoa, mdomo unatafuna pasipo chakula, mkono mmoja unapapasa vifungo vya shati au pindo la kanga, mwingine umekakamaa. Mkono ule uliokakamaa ni ushahidi: mara nyingi chanzo kiko upande wa pili wa ubongo. Nyumbani watasema ana majini, kwa sababu anaitwa haitiki na baadaye hakumbuki. Daktari akisimuliwa vizuri, ameshapata nusu ya ramani.

Mwaka 2001 Samuel Wiebe na wenzake wa London, ile ya Ontario nchini Kanada, walichapisha jaribio la wagonjwa 80 wa kifafa cha namna hii. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililopangiwa upasuaji asilimia 58 hawakuwa tena na mishtuko ya kuwapotezea fahamu. Katika kundi la dawa peke yake, asilimia 8. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha iwe mali ya nchi tajiri. Hatari zipo, na lazima zisemwe: kumbukumbu inaweza kupungua, na pembe ya juu ya uwezo wa kuona inaweza kupotea.

Afrika Mashariki imeshathubutu. Mbale, chini ya Mlima Elgon nchini Uganda, kuna hospitali ya CURE iliyopata jina kwa kutibu watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hapo Warwick Boling na wenzake, akiwemo Benjamin Warf, waliwapasua wagonjwa wa kifafa kilichoshinda dawa, wakachapisha matokeo mwaka 2009. MRI, inayoonyesha kovu la hipokampasi kwa uwazi, hawakuwa nayo. Walikuwa na CT, EEG na kamera ya video. Walichofanya, na mimi naona ndiyo hekima ya kazi nzima, ni kuchuja: walipasua wale tu ambao dalili, umeme na picha vilikubaliana juu ya mahali pamoja. Walikuwa 10. Zaidi ya nusu waliacha kupata mishtuko.

Lakini kabla ya kufika hospitali ya Mbale au ya Muhimbili kuna jikoni. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, aliandika jinsi watu walivyoogopa mate ya mgonjwa wakiamini yanaambukiza. Mtu akiangukia mafiga, hakuna wa kumvuta. Usambara ni baridi na moto hukaa ndani. Mwenye kifafa asiye na dawa anaishi hatua mbili kutoka kwenye makaa. Mate hayaambukizi kifafa. Mvute. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni.

Tukiwa milimani, hili ni la ajabu kweli: katika mito ya Usambara Mashariki, pande za Amani, viluwiluwi vya inzi mweusi anayeeneza usubi hukua wakiwa wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa maji baridi. Utafiti wa Mahenge na kwingineko umeonyesha kuwa penye usubi mwingi na kifafa huzidi. Kifafa hicho hakina kisu cha kukitosha; kinga yake ni dawa za usubi kumezwa kila zinapogawiwa.

Fenobabitoni, dawa ambayo Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kuwa inazuia kifafa, ndiyo rahisi kuliko zote na bado ndiyo tegemeo la vijijini. Ikikatwa ghafla inaweza kuleta mishtuko mfululizo inayoua. Kwa hiyo zahanati ikiishiwa kwa mwezi mmoja, mgonjwa yuko hatarini, na daktari naye hawezi tena kujua kama dawa imeshindwa au haikumezwa. Bila jibu hilo hakuna mpasuaji mwenye busara atakayemgusa. Ndiyo maana nasema upasuaji wa kifafa wa Lushoto unaanzia kwenye kabati la dawa la kijiji, na wanaodai vidonge leo ndio wanaofungua njia ya chumba cha upasuaji.

Na simu? Video ya simu leo inaweza kumsaidia daktari bingwa aliye mbali kuliko maelezo ya kurasa nyingi. Anza kurekodi mapema uwezavyo, kwa kuwa mwanzo wa mshtuko ndio unaoonyesha upande. Funua blanketi, uso na mikono yote miwili ionekane. Mwite jina, muulize kitu, sauti yako isikike. Endelea hadi aweze kuzungumza. Mshtuko ukipita dakika 5 bila kukoma, weka simu chini na umkimbize hospitali.