Uchaguzi wa Mimea ya Tangi Dogo la Kamba na Usalama wa Ziwa Victoria Mkoani Mara

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa mitano ya Tanzania Bara inayopakana na Ziwa Victoria. Katika Manispaa ya Musoma na wilaya za Bunda na Butiama, sangara, sato na dagaa hawahitaji kutambulishwa. Asiyezungumzwa sana ni kamba mdogo wa maji baridi, *Caridina nilotica*, ambaye hunaswa pamoja na dagaa na mara nyingi huishia kwenye chakula cha mifugo. Kamba huyu, mwenye urefu wa takribani sentimita mbili hadi tatu, ni chakula muhimu cha sangara wachanga. Vilevile ni kiumbe anayefaa kutazamwa kwa karibu, katika tangi la kioo lililowekwa kwenye maabara ya shule, ofisi au sebule.

Tangi la namna hiyo si lazima liwe kubwa. Lita 20 zinatosha kundi dogo. Kinachowasumbua wengi ni mimea. Kamba hula utando laini wa vijidudu unaojijenga juu ya majani na mawe, na kila anapojivua gamba lake hubaki mlaini kwa muda na kuhitaji mahali pa kujificha. Tangi lisilo na mimea humnyima chakula cha asili na maficho. Lakini tangi dogo lililosongwa na mimea nalo lina hatari yake, kwa kuwa usiku mimea haitoi oksijeni bali huitumia, na majani yanayooza huitumia zaidi. Wakazi wa Butiama wanaujua mfano mkubwa wa jambo hilo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa, na kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa oksijeni ilipungua kutokana na kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi cha mifugo. Tangi la lita 20 linaweza kufikia hali hiyo kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo, mmea unaofaa ni ule mdogo, unaokua polepole na unaoridhika na mwanga hafifu. Kuweka taa kali ili mimea istawi haraka huleta mwani wa kijani unaofunika kioo na majani, na kuweka tangi dirishani penye jua la moja kwa moja hupandisha joto la maji machache kwa kasi. Mwanga wa taa ya kawaida kwa saa sita hadi nane kwa siku unatosha.

Miongoni mwa mimea inayokidhi sifa hizo, anubiasi ndogo, *Anubias barteri* ya jamii ya nana, inastahili nafasi ya kwanza. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, huota penye kivuli, na majani yake magumu hudumu muda mrefu hivyo hayaozi ovyo. Shina lake nene hutambaa na halipaswi kufukiwa mchangani, kwani huoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti. Mosi ya Java, mmea laini usio na mizizi ya kweli, unaofanana na zulia la kijani linaloota kwenye mawe yenye unyevunyevu, ndiyo maficho bora kwa watoto wa kamba, ila inahitaji kupunguzwa mara kwa mara isije ikajaza tangi. Jamii ya kriptokorini kutoka Asia nayo huvumilia kivuli, na aina zake fupi zinafaa kwa mbele ya tangi. Mmea huo una tabia ya kudondosha majani yote unapohamishwa. Wengi huung'oa wakidhani umekufa, ilhali mizizi i hai na baada ya wiki chache huchipua upya. Kinachotakiwa ni kuondoa majani yaliyooza tu.

Swali la kawaida ni kwa nini mkazi wa mwambao asichote mimea ziwani, ambako ni bure. Ni kweli kwamba seratofilamu, *Ceratophyllum demersum*, huota katika Ziwa Victoria, huvumilia kivuli na husafisha maji vizuri. Hata hivyo, hukua haraka mno kwa tangi dogo, na mara chache hufika peke yake. Ndani ya matawi yake hujificha mabuu ya kereng'ende, ambayo hula kamba, na konokono. Baadhi ya konokono wa kando ya ziwa ni wabebaji wa vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao bado ni tatizo katika mwambao wa ziwa hili. Anayeingia majini kwa miguu kuchuma mimea hujiweka katika hatari, na anayetumbukiza mkono katika tangi lenye konokono wenye vimelea hajaepuka hatari hiyo kwa kuwa yumo ndani ya nyumba. Hili ni jambo la kuzingatiwa kwa uzito, hasa pale tangi linapokuwa la wanafunzi.

Viuatilifu ni hatari nyingine. Bunda ni wilaya inayolima pamba, na mimea ya majini iliyochumwa kwenye mifereji iliyo jirani na mashamba yanayopuliziwa dawa inaweza kubeba mabaki yake. Kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu kuliko samaki, hivyo dawa ya kuua wadudu humwathiri kwa kiwango ambacho samaki angekivumilia. Shaba nayo, inayopatikana katika baadhi ya mbolea za mimea na dawa za ukungu, ni sumu kwake hata ikiwa kidogo. Mmea wowote mpya, wa kununuliwa au wa kupewa, uwekwe kwanza katika ndoo ya pembeni kwa wiki mbili, maji yakibadilishwa kila baada ya siku chache. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwenye chombo kwa saa 24 kabla ya kutumika.

Kwa mimea inayotoka nje ya nchi, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inataka kibali kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Masharti hayo si urasimu mtupu. Gugumaji, ambalo lina asili ya Amerika Kusini, lilienezwa duniani kama pambo la mabwawa kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, liliziba mialo na kukwamisha mitumbwi, na katikati ya miaka ya 1990 ikalazimu kuachilia wadudu wa jamii ya *Neochetina* ili walidhibiti. Bado lipo hadi leo.

Mimea inayopunguzwa kwenye tangi, kwa hiyo, isitupwe ziwani, mtoni wala kwenye mifereji ya mvua, ambayo katika mji wa Musoma, uliojengwa juu ya rasi, haina safari ndefu kufika ziwani. Ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kisha ifukiwe au ichanganywe na mboji. Maji yanayotolewa kwenye tangi yamwagwe kwenye udongo wa bustani. Kamba wa kigeni nao wasiachiliwe kwa hali yoyote, hata mfugaji anapohama au kuchoka kuwatunza.

Wanaotaka kufuga kamba wa ziwa wenyewe wanashauriwa kupata kwanza maelekezo ya Ofisa Uvuvi wa halmashauri yao. Taarifa za kitaalamu kuhusu viumbe wa ziwa zinapatikana pia katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kilichopo Mwanza.